Maji Baridi Yenye Mkia wa Kilatini

Lori la kondoo hutoka Bisil, katika nchi ya Wamaasai, kabla ya jua kuchomoza. Hupita Kajiado mjini, likakata tambarare za Isinya, na kufika Kitengela saa ambayo matatu zimekwisha kuziba barabara. Kondoo hawajui waendako. Mwenye mali anajua, dalali anajua, na dereva akiulizwa na askari wa kizuizini hujibu kwa neno moja: Nairobi.

Neno hilo ni la huku. Mji haukuja nalo. Lilikuwa midomoni mwa wachungaji wa Kimaasai, likaenda mjini, likaandikwa na watu wa reli, likabatizwa na mapadri, likafungwa mkia wa Kilatini. Zaidi ya miaka mia moja baadaye lilirudi malishoni likiwa na mkia huo, likidai kondoo wa watu ambao ndio walioliita jina kwanza.

Tuanze na maji. Enkare ni maji kwa Kimaa, na Enkare Nairobi ni maji baridi. Wamaasai walipaita hivyo mahali penye kijito na kinamasi ambapo mifugo ya tambarare ya Athi ilinyweshwa. Hiyo ndiyo desturi yao ya kutaja mahali: jina humwambia mchungaji atakachokikuta. Kajiado yenyewe ni Olkejuado, mto mrefu, ulioviringwa na ndimi za makarani hadi ukawa hivyo tunavyouita leo. Wala Nairobi haikuwa moja. Upande wa pili wa mpaka, wilayani Siha chini ya Kilimanjaro, ipo Ngare Nairobi, na watu wake hawajawahi kudai kwamba wanaishi katika jiji. Tofauti ni kwamba Siha walihifadhi maneno yote mawili. Jiji letu lilimeza maji likabaki na baridi.

Mrumi wa kale angefika kwenye kijito kile angesema aqua frigida. Angeona pia jambo lingine la kumfurahisha: aqua kwa Kilatini ni jina la kike, na enkare kwa Kimaa ni jina la kike vilevile, maana kiambishi *en-* ndicho alama yake. Lakini hakuna Mrumi aliyefika. Waliofika ni wahandisi wa Kiingereza na vibarua kutoka Bara Hindi, wakilaza reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika kwenye kinamasi cha maji baridi. Hawakupapenda. Walisimama kwa sababu mbele yao kulikuwa na mwinuko wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo palipobaki tambarare ya mwisho ya kuegesha mabehewa, kupanga vyuma na kujaza injini maji. Kambi ikawa bohari, bohari ikawa makao makuu ya reli, na John Ainsworth akahamishia hapo ofisi ya serikali kutoka Machakos. Mwaka 1902 tauni iliingia kwenye soko la Wahindi, nalo likachomwa moto. Hata hivyo, mwaka 1905 serikali ya himaya ilihama Mombasa ikaja kukaa kwenye kinamasi hicho, na Nairobi ikawa mji mkuu.

Mji mkuu kwa lugha nyingi za Ulaya huitwa kwa neno lililotokana na *caput*, yaani kichwa. Kutoka kichwa hicho hicho Kilatini cha baadaye kilipata *capitale*, mali ya mtu. Nalo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la mtaji na lile la ng'ombe. Kabla ya hapo, Warumi walikuwa wameshachukua *pecus*, mifugo, wakatengeneza *pecunia*, fedha. Sijui wanafunzi wangapi wa Ulaya wamelazimika kuyakariri haya bila kuona maana yake. Yaeleze sokoni Bisil, penye mbuzi wamefungwa kamba na dalali ananong'ona bei, na hakuna atakayeomba ufafanuzi. Mali huhesabiwa kwa vichwa. Fedha ni mifugo iliyobadilishwa ngozi.

Mwaka ule ule wa reli, 1899, walifika watu wengine wenye Kilatini cha kazi ya kila siku. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868, na sasa walipanda bara wakaanzisha misheni ya St. Austin magharibi ya bohari ya reli. Huko walipanda kahawa, iliyokuwa na jina lake la Kilatini pia, *Coffea arabica*, ingawa ni mmea wa Ethiopia usio na la Kiarabu ila njia uliyopitia. Misa iliimbwa kwa Kilatini. Vijana wa Kikuyu waliotumikia altareni walikariri majibu yote kwa sauti, wakiyaviringa kwa lafudhi ya nyumbani, wakati ambapo wengi wao hawakuwa wamesikia hata Kiingereza cha kutosha kununua chumvi. Kwa hiyo kuna wakati, mfupi lakini wa kweli, ambapo baadhi ya wenyeji wa viunga vya Nairobi walijua Kilatini kabla ya kujua lugha ya mtawala wao.

Wamaasai hawakuwamo sana katika habari hiyo. Walikuwa na kesi.

Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliwaua ng'ombe, ndui ikafuata ikawaua watu, na walipoanza kuinuka walikuta nchi ina mwenyeji mpya. Mwaka 1904 serikali ilifanya mkataba na Olonana, laiboni mkuu, yaani kiongozi wao wa kiroho, pamoja na viongozi wengine: Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, wagawanywe katika hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini, upande wetu huu. Waliahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao muda wote watakaokuwako Wamaasai duniani. Muda wote huo ulidumu miaka saba. Olonana alifariki Machi 1911, na mwezi uliofuata mkataba wa pili ukatiwa saini ili wa Laikipia nao washushwe kusini. Parsaloi Ole Gilisho wa kundi la Wapurko, aliyekuwa ameweka alama yake kwenye mkataba huo, aligeuka akaupinga. Mwaka 1913 Wamaasai walifanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia kwa watu waliodhaniwa hawajui ila mkuki: walimwajiri wakili Mzungu, wakaishtaki serikali mbele ya Mahakama Kuu iliyokuwa Mombasa. Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo.

Hapa Kilatini kiliingia kwa mlango wa nyuma. Nchi ilikuwa himaya, na neno walilotumia Waingereza kwa himaya limetokana na kitenzi cha Kirumi chenye maana ya kufunika mbele, kukinga. Kwa akili ya kawaida, aliyekingwa ana haki ya kumlilia mkingaji. Mahakama ilisema kinyume: kwa kuwa nchi ni himaya na wala si koloni, Wamaasai si raia wa Mfalme bali ni taifa la kigeni, mkataba wao na Mfalme ni wa dola na dola, na mahakama za nchini haziwezi kuuchunguza. Rufaa nayo ilitupwa mwaka huo huo. Wamaasai, kwa hiyo, walikuwa taifa huru kiasi cha kutosha kupoteza ardhi, lakini si kiasi cha kutosha kuirudisha. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akiisimulia kesi hii chini ya mti kana kwamba aliketi mahakamani mwenyewe, naye hakutumia neno hata moja la kisheria. Alisema tu: tulifunikwa mpaka tukashindwa kupumua.

Katika miaka hiyo hiyo, madaktari wa mifugo wa serikali waliona jambo karibu na Nairobi. Kondoo na mbuzi walioletwa kutoka sehemu nyingine walipata homa kali, wakaharisha damu, wenye mimba wakatupa, na wengi wakafa ndani ya siku chache. Kondoo waliozaliwa karibu na Nairobi walisimama kando wakitafuna majani. Ugonjwa uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1910, na mwaka 1917 Eustace Montgomery alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba msambazaji ni kupe, yule wa kahawia anayependa kukaa ndani ya sikio. Fumbo la waliokufa na waliopona likafumbuka. Mwanakondoo anayezaliwa penye kupe hunyonya kinga katika dang'a ya mama yake, kisha huumwa na kupe kidogo kidogo akiwa bado analindwa, hata akawa sugu. Anayezaliwa kwenye ukame usio na kupe huyo hana kinga hiyo. Kwake yeye hatari ni safari. Anakufa kwa sababu amepelekwa mjini.

Ugonjwa ukaitwa wa kondoo wa Nairobi. Jina la maji baridi likawa jina la homa.

Kupe mwenyewe alikuwa ameshapewa jina na mabwana wa elimu ya wadudu: *Rhipicephalus appendiculatus*. Neno la kwanza ni Kigiriki kilichovikwa kanzu ya Kilatini, maana yake kichwa cha upepeo. La pili ni Kilatini halisi, mwenye kiambatisho kidogo, kwa sababu dume akishiba damu hutokeza kitu kama kijimkia nyuma. Ndiye pia anayebeba ugonjwa wa ng'ombe ambao Wamaasai huuita oltikana na wataalamu huuita kwa kimelea chake, *Theileria parva*. Theiler alikuwa daktari wa mifugo aliyefanya kazi Afrika Kusini. *Parva* maana yake ni dogo. Mtu aliyepoteza ndama wake wote kwa oltikana ana haki ya kuuliza ni nani aliyeona udogo huo.

Nairobi ilikua. Wazungu walipojenga shule za watoto wao walizipa kaulimbiu za Kilatini, kama mtu anavyotundika picha ya babu ukutani ili wageni wajue ametoka nyumba gani. Mwaka 1949 ilifunguliwa shule ya wavulana iliyopewa jina la Duke wa York, na kaulimbiu *Nihil praeter optimum*, hakuna ila kilicho bora. Uhuru ulipokuja, wimbi la kubadili majina likaifikia, na mwaka 1969 shule ikaitwa Lenana. Ni Olonana yule yule wa mkataba wa 1904, kwa matamshi ya Kiingereza. Kilatini hakikuguswa. Basi leo laiboni ambaye watu wake walihamishwa mara mbili amewekwa juu ya sentensi ya Kirumi isemayo hakuna ila kilicho bora, na vijana wameivaa kifuani bila kucheka. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho, kilipojitenga mwaka 1970 baada ya kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilikuwa huru kuchagua Kiswahili. Kina *Unitate et labore*, kwa umoja na kazi. Umoja na kazi, nchini penye harambee! Lakini Kilatini kina sifa moja ambayo wanasiasa wetu wangeipenda: hakina kabila humu.

Kanisa ndilo lililolifunga jina la mji ule mkia wake rasmi. Tarehe 25 Machi 1953 Nairobi ikafanywa jimbo kuu, na katika hati za Roma likaandikwa *Archidioecesis Nairobiensis*. Mwaka 1959 sehemu ya nchi ya Wamaasai, Kajiado na Narok, ikakatwa kuwa eneo lake lenyewe lenye makao Ngong. Likaja kuwa jimbo kamili mwaka 1976, na hilo huitwa *Ngongensis*. Bisil, kwa hesabu ya Vatikani, imo ndani ya Ngongensis. Kiishio hiki cha *-ensis* ndicho chetu cha "-a" unganifu: wa Nairobi, la Ngong. Warumi walikifunga nyuma ya jina la mahali wakapata sifa ya kitu kinachotoka huko. Mapadri hawakutafsiri maji baridi, hawakuandika Aqua Frigida. Waliliacha neno la Kimaa jinsi walivyolikuta, wakaliongezea mkia tu, kama kondoo wetu wa asili ambaye thamani yake kubwa iko nyuma.

Kisha mambo mawili yakatokea ndani ya juma moja na ushei. Jijini, Kanisa Kuu la Familia Takatifu, lililosanifiwa na Dorothy Hughes, lilikuwa limekamilika, refu, la saruji, lenye nafasi ya maelfu ya waumini, limejengwa kwa ajili ya ibada ya Kilatini. Tarehe 4 Desemba 1963, huko Roma, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango wa lugha za watu. Siku nane baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi. Hakuna aliyepanga tarehe hizo zikaribiane. Lakini mtu aliyesali katika kanisa lile jipya Desemba hiyo alikuwa akiaga milki mbili kwa mpigo, na ya Kirumi ilikuwa imedumu zaidi.

Kwa Wamaasai badiliko hilo la lugha ya ibada lilikuwa na jambo ndani yake ambalo wengine hawakulipata. *Deus* ni jina la kiume. Enkai, Mungu wa Wamaasai, huchukua kiambishi cha kike, na neno hilo hilo ndilo mvua. Sala ilipotoka Kilatini kuingia Kimaa, Mungu alibadili kiambishi, na hakuna kikao kilichoitwa kulijadili.

Walioifanya kazi hiyo ya lugha walikuwa wamesomea Kilatini kwa miaka seminarini, na ilionekana. Frans Mol, padri wa shirika la Mill Hill aliyekaa na Wamaasai, aliandika kamusi na sarufi ya Kimaa ambazo bado zinatumika. Lakini aliyetangulia kulifungua fundo kubwa ni Mmaasai mwenyewe, John Tompo ole Mpaayei, aliyeandika sarufi ya Kimaa pamoja na A. N. Tucker, ikachapishwa mwaka 1955. Kila aliyesoma Kilatini anakumbuka adha ya uhusika: mtenda ana kiishio chake, mtendwa ana chake, na ukikosea simba amemla mwindaji. Kiswahili hakina balaa hiyo. Mpangilio wa maneno na viambishi vya kitenzi vinatosha. Kiingereza kimeitupa karibu yote. Tucker na ole Mpaayei walionyesha kwamba Kimaa kinayo, hai kabisa, ila haikai kwenye kiishio. Inakaa kwenye toni. Jina moja, herufi zile zile, likipandishwa na kushushwa sauti kwa namna moja ni mtenda, kwa namna nyingine ni mtendwa. Mtoto wa miaka minne wa Bisil anayepeleka wanambuzi nyuma ya boma anatofautisha mtenda na mtendwa bila kosa, jambo ambalo wavulana wa Uingereza walichapwa viboko kwa miaka ili walijue. Hakuna anayempa cheti.

Kilatini kimekuwa kikiingia kwetu kwa njia nyingine pia, kimyakimya. Pwani kilipokelewa mapema, kikiwa ndani ya Kireno: meza, mvinyo, padri. Neno shule lilitushukia kupitia Wajerumani. Na mwaka 2013, serikali za ugatuzi zilipoanza kazi, kikaja kukaa hadi kwenye ubao wa barabarani. Kaunti imetokana na *comitatus*, msafara wa wanaomfuata mkubwa. Anayetazama ziara za magavana atasema neno limefika nyumbani. Seneti imetokana na *senex*, mzee. Waambie wazee wa Bisil kwamba Roma iliyotawala dunia iliongozwa na baraza la wazee, nao watauliza: sasa mlidhani ingeongozwa na nani?

Turudi kwa kondoo. Virusi vya ule ugonjwa wa 1910 vilipochunguzwa katika maabara, vilionekana kuwa na ndugu wengi sehemu mbalimbali za dunia, na kundi zima likapewa jina la mji: *Nairovirus*. Humo ndani kimo hata kile cha homa ya Crimea na Kongo, kinachoua watu. Katika miaka ya karibuni kamati ya kimataifa ya majina ya virusi ikaamua kila spishi iwe na jina la maneno mawili, kama Linnaeus alivyofanya kwa mimea na wanyama katika karne ya 18. Cha kwetu kikaitwa *Orthonairovirus nairobiense*. Jina la Kimaa limo humo mara mbili, mara moja tumboni na mara moja mkiani.

Na mkia umebadilika. Kwa askofu na jimbo ni *nairobiensis*, lakini kwa kirusi ni *nairobiense*. Sababu ni kwamba *virus*, neno la Kirumi la sumu, si la kiume wala la kike. Liko katika jinsi ya tatu, ya vitu, nayo hudai kiishio chake. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu: askofu wa, jimbo la, virusi vya. Ngeli ni ngeli, iwe mbele au nyuma.

Siku hizi kondoo wengi wanaopakiwa Bisil ni chotara wa dopa, wakubwa, weupe, kichwa cheusi, wanaonenepa haraka na kupendwa na wachinjaji. Wale wekundu wa asili, wenye mkia wa mafuta, wanapungua, ingawa wanastahimili minyoo kuliko hao wageni. Lori likijaa, dereva hufunga turubai nusu ili wapate hewa. Hupiga honi mara moja. Mchungaji aliyewaleta hubaki amesimama na fimbo mabegani, anahesabu noti, na mtu akimuuliza kwa Kimaa maji yakoje kisimani mwaka huu, hujibu kwamba yapo, ni machache, ila ni baridi.